Maswali ya Kikorea, Majibu ya Handeni na Korogwe

Wanangu, sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina lugha, na lugha yenyewe ni Kikorea, maana naona wengi wenu mmekipenda. Mnatazama tamthilia za Seoul kwenye simu, nyimbo zao mnazijua kwa moyo, na mkikutana njiani kwenda shule, Manundu huku Korogwe au Chanika kule Handeni, mnasalimiana "annyeong". Halafu mmoja wenu anaamua kujifunza kwa dhati. Anapakua programu, anatafuta daftari, na baada ya wiki chache anarudi amekata tamaa. Kitenzi kimekaa mwisho. Majina yamebandikwa vipande asivyovielewa. Anayetenda hatajwi. Akiuliza kwa nini, anajibiwa kwamba atazoea.

Kuzoea atazoea, lakini hilo si jibu. Swali la sarufi lina haki ya kujibiwa. Na maswali yanayomsumbua kijana wa Korogwe ndiyo hayohayo yanayomsumbua mwanafunzi wa Kikorea wa London au Chicago. Tofauti ni kwamba ninyi mna Kiswahili mdomoni, na wengi wenu nyumbani mna Kizigua, Kisambaa au Kibondei. Mimi nasema, na nitawaonyesha, kwamba mengi yanayoitwa magumu katika sarufi ya Kikorea mnayafanya kila siku bila kuyapa jina.

Tuanze na hicho kitenzi. Mkorea husema "Amina-ga oksusu-reul meogeoyo". Oksusu ni mahindi, na meogeoyo ni kitenzi cha kula. Neno kwa neno ni hivi: Amina, mahindi, anakula. Kitenzi kinangoja wenzake wote wapite ndipo kije. Sasa geuzeni: "Oksusu-reul Amina-ga meogeoyo." Bado Amina ndiye mlaji na mahindi ndiyo yanayoliwa, kwa sababu kila jina lina alama yake nyuma. Hiyo "-ga" inasema huyu ndiye mtenda, na "-reul" inasema hiki ndicho kinachotendwa.

Wanafunzi wengi wa Ulaya hapo huhangaika, kwa sababu katika lugha kama Kiingereza ukibadilisha nafasi ya majina umebadilisha habari nzima. Ninyi je? Msikilizeni mtu stendi ya Korogwe akisema, "Mahindi anayala Amina." Mpangilio umepinduliwa na hakuna aliyepotea. Kwa nini? Tazameni ndani ya "anayala". Ile "a-" ni ya Amina, ile "-ya-" ni ya mahindi. Kiswahili kimeweka alama zake ndani ya kitenzi, Kikorea kimeziweka nyuma ya majina. Kazi ni moja, mahali pa kuifanyia ndipo palipotofautiana.

Hapohapo mmepata na jibu la swali jingine: mbona kitenzi cha Kikorea hakimtaji mtu? "Meogeosseoyo" inaweza kuwa nimekula, umekula, amekula au tumekula. Ile "saranghae" mnayoiandika kwenye madaftari tunaitafsiri "nakupenda", lakini ndani yake hamna mimi wala wewe. Kuna kupenda tu, na walioko pale wanajua nani anampenda nani. Kwetu kitenzi hakitoki nyumbani bila nafsi yake, kwa hiyo tunaona pengo. Mkorea anayejifunza Kiswahili anaona kinyume chake: anashangaa kwa nini tunalazimisha "ni-" na "u-" na "a-" kila mara hata pale ambapo kila mtu anajua nani anazungumziwa. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kule Seoul, kimekuwa kikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980, kwa hiyo wako vijana wa Kikorea wanaokuna vichwa juu ya lugha yenu kama mnavyokuna ninyi juu ya yao.

Sasa tufike kwenye swali kubwa kuliko yote. Yeyote aliyewahi kujifunza Kikorea ameliuliza, na wengine wameliuliza miaka mingi. Ikiwa "-ga", na pacha wake "-i", humwonyesha mtenda, basi "-eun" na "-neun" ni za nini? Maana nazo huonekana nyuma ya jina hilohilo, mbele ya kitenzi hichohicho, na mwalimu anasema sentensi zote mbili ni sahihi.

Hebu mjione mko uani, mnapukuchua mahindi. Mara mtu anapiga hodi barazani. Mtoto anachungulia, kisha anakimbia jikoni: "Mama, amekuja mgeni!" Sikieni alivyopanga. Amesema amekuja mgeni. Hakusema mgeni amekuja, kwa sababu mama hakuwa na habari ya mgeni yeyote. Jambo zima ni jipya, ujio na anayekuja, vyote kwa pamoja. Mkorea hapo angesema "Sonnim-i wasseoyo", kwa "-i".

Siku nyingine mama alikuwa anamsubiri mgeni tangu asubuhi, na kuku ameshachinjwa. Akirudi kutoka kisimani atauliza, "Vipi, mgeni na mtoto wake wamefika?" Nanyi mtasema, "Mgeni amekuja, mtoto bado." Sasa mgeni si habari mpya. Mmemweka mbele kama jambo linalojulikana, kisha mkaeleza yanayomhusu, tena mkamtenganisha na mtoto. Hapo ndipo penye "-eun": "Sonnim-eun wasseoyo". Mgeni, yeye amekuja. Masikio ya Mkorea yatangoja kusikia habari ya yule mwingine.

Hiyo ndiyo tofauti, wanangu. Inayoitwa siri ya Kikorea ni jambo ambalo mtoto wa miaka 5 wa Handeni analifanya kwa kuhamisha neno kutoka mbele kwenda nyuma. Sitawadanganya kwamba kila "-neun" ya Kikorea itakubali kipimo hiki, zipo zitakazowatoroka, lakini kitawafikisha mbali kuliko orodha ya kanuni.

Pimeni tena kwa swali la nani. "Nani amekuja?" kwa Kikorea ni "Nu-ga wasseoyo?" na jibu ni "Amina-ga wasseoyo". Hapo "-neun" haifai. Kwetu nasi hatujibu "Amina amekuja" kwa sauti ya kawaida. Tunasema "Amekuja Amina", au "Ni Amina aliyekuja". Na pimeni kwa kitabu: "Kitabu nimekisoma, gazeti sijalisoma." Mkorea: "Chaek-eun ilgeosseoyo, sinmun-eun an ilgeosseoyo." Kitabu na gazeti havitendi chochote hapo, vinatendwa, na bado vimepewa "-eun". Kwa nini? Kwa sababu mmevileta mbele ili mvizungumzie kimoja kimoja. Ile "-ki-" ya "nimekisoma" na "-li-" ya "sijalisoma" zinafanya kazi ya namna hiyohiyo kwetu. Mwalimu wenu wa Kiswahili akifundisha viambishi vya mtendwa, msisinzie. Anawafundisha na Kikorea.

Sasa mtauliza: mbona mara "-eun", mara "-neun"? Mara "-i", mara "-ga"? Hili ni jepesi. Jina likiishia na konsonanti, kama "chaek", linachukua "-eun", "-i" na "-eul". Likiishia na irabu, kama Amina, linachukua "-neun", "-ga" na "-reul". Ni ulimi unaotafuta njia ya kupita. Ndiyo maana nasi tunasema mtu lakini mwalimu, kisu lakini chakula, bila kuamriwa na mtu.

Lakini hapa pana mtego, na unawanasa wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, basi ulimi wetu ukikutana na "chaek" hutaka kusema "chaeku", na "sonnim" huwa "sonnimu". Ukishaongeza hiyo "u", sikio lako linaamini neno limeishia na irabu, nawe unabandika "-neun" pasipo pake. Kosa la matamshi limezaa kosa la sarufi. Jizoezeni kufunga mdomo neno linapofungwa.

Na tukiwa kwenye matamshi, chukueni kipande cha karatasi mkishike mbele ya midomo. Semeni "dal", "tal", "ttal". Ya kwanza ni mwezi, ya pili ni kinyago, ya tatu ni binti. Kwenye "tal" karatasi inatakiwa iruke, maana sauti hiyo hutoka na pumzi. Kwenye "ttal" koo hukazwa na karatasi haitikisiki. "Dal" iko katikati, laini. Mtasema hili sasa limezidi. Halijazidi. Wazee wa Mombasa na sehemu nyingine za mwambao hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi peke yake: mnyama hutamkwa kwa pumzi, paa la juu ya nyumba bila pumzi. Maandishi yetu ya shule hayaionyeshi tofauti hiyo, na bara wengi wetu hatuijui, lakini Kiswahili kinayo. Kikorea kimeipa kila sauti herufi yake.

Herufi zenyewe zinaitwa Hangeul, na zina hadithi nzuri. Wakorea wa zamani waliandika kwa alama za Kichina, maelfu kwa maelfu, na mkulima wa kawaida hakuwa na nafasi ya kuzijua. Mfalme Sejong aliona hilo ni dhuluma. Mwaka 1443 zikakamilika herufi 28 zilizobuniwa kwa ajili ya Kikorea, na mwaka 1446 zikatangazwa rasmi. Leo zimebaki 24 za msingi. Umbo la baadhi yake limechukuliwa kwenye mdomo wenyewe: herufi ya "k" laini huonyesha ulimi ulivyojikunja nyuma, herufi ya "m" huonyesha midomo. Nawasihi mzijifunze kabla ya kitu kingine chochote, na muache kuandika Kikorea kwa herufi hizi za kwetu. Mimi nimezitumia hapa ili msome kwa urahisi tu. Kijana anayetulia hazimchukui muda mrefu.

Sasa heshima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoharibu, hata wale wenye sarufi nzuri. Tamthilia zimewafundisha maneno ya marafiki na wapenzi, nao wanayapeleka kwa kila mtu. Mwanafunzi akimwambia profesa wa Kikorea "Meogeosseo?" amesema jambo sahihi kwa sarufi, umekula? Lakini amemwambia kama anavyomwambia mwenzake wa dawati moja. Ninyi mnajua vizuri aibu ya namna hiyo. Mtoto wa Handeni akipita mbele ya mzee na kusema "mambo", hata kama neno halina tusi, kijiji kizima kitauliza ni mtoto wa nani.

Sisi heshima tunaiweka kwenye maamkizi. Shikamoo, marahaba, kisha mazungumzo yanaendelea kwa vitenzi vilevile. Kwa Wakorea heshima inaingia ndani ya kitenzi na inabaki humo mpaka mwisho wa mazungumzo. Kwa rafiki, kwenda ni "ga". Kwa mtu wa kawaida unayemheshimu ni "gayo". Kwenye mkutano au habari za redio ni "gamnida".

Halafu kuna kitu cha pili, na hiki ndicho kinachochanganya. Heshima ya Kikorea ina pande mbili: kuna yule unayeongea naye, na kuna yule unayemzungumzia. Wa kwanza anaheshimiwa kwa "-yo" mwishoni. Wa pili anaheshimiwa kwa "-si-" katikati. Mgeni wetu wa pale barazani, akiwa mtu mzima, ndiye anayezungumziwa, na mama ndiye anayeambiwa. Mtoto mwenye adabu hatasema "sonnim-i wasseoyo" kama nilivyoandika mwanzo. Atasema "sonnim-i osyeosseoyo". Mgeni amepata yake, na mama amepata yake. Ukimsimulia rafiki yako habari za bibi, utasema "halmeoni-ga osyeosseo": bibi umemheshimu kwa "-si-", rafiki hakuhitaji "-yo". Mkishaona kwamba ni heshima mbili, wala si moja iliyokuzwa, fumbo limekwisha.

Na msijiwekee wenyewe hiyo "-si-". Hakuna anayejiamkia shikamoo.

Ndiyo maana Mkorea akikutana nawe huenda akauliza umri mapema. Si umbea. Anatafuta kitenzi cha kukuambia. Neno "chingu", rafiki, kwa kawaida hutumika kwa wa rika moja, na mwenye kukuzidi mwaka ana jina lake. Mvulana humwita kaka mkubwa "hyeong" na dada mkubwa "nuna". Msichana humwita kaka mkubwa "oppa" na dada mkubwa "eonni". Wavulana wengi wanaotazama tamthilia huita kila mwanamume "oppa", na hilo haliwezekani, kama vile mwanamume asivyoweza kuwa na wifi. Mnajua kuwa jina la ndugu linaweza kutegemea jinsia ya anayesema. Hesabu ya umri nayo ilikuwa na utata wake: kwa mila ya Korea mtoto alizaliwa akiwa na mwaka mmoja, kisha akaongezewa mwingine kila Januari Mosi. Tangu Juni 2023 sheria ya Korea Kusini inataka umri uhesabiwe kwa siku ya kuzaliwa, kama kwetu.

Hesabu zenyewe zipo seti mbili, moja ya asili na moja iliyotoka Kichina. Saa huhesabiwa kwa ya asili na dakika kwa ya Kichina, ndani ya kauli moja: "se si sip bun". Sisi nasi tuna mbili, tatu na nne za Kibantu, na sita, saba na tisa za Kiarabu, tena za Kiarabu hazikubali viambishi: vitabu viwili, lakini vitabu sita. Ila kwenye saa muwe macho. "Se si" ni tatu kwa neno, lakini kwa saa yetu ni saa tisa, maana wao huanza kuhesabu usiku wa manane au adhuhuri. Mkiitafsiri moja kwa moja mtafika asubuhi kwenye miadi ya alasiri.

Tena Mkorea akihesabu vitu huongeza neno la aina yake. Watu wawili ni "saram du myeong", mbwa wawili ni "gae du mari", vitabu viwili ni "chaek du gwon". Wageni huyaona maneno haya kama mzigo usio na maana. Ninyi mnazo ngeli. Mmezoea kwamba idadi haisemwi mpaka ujue kinachohesabiwa ni cha kundi gani: watu wawili, vitabu viwili, miti miwili. Kikorea kinapanga makundi wakati wa kuhesabu tu. Kiswahili hupanga wakati wote, kwenye sifa, kwenye kitenzi, kwenye "hiki" na "kile". Nani ana lugha ngumu hapo?

Mawili nitayapita haraka. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unasema "Ndiyo, sijala". Mwalimu wa Kiingereza atakusahihisha. Mkorea hatakusahihisha, maana naye husema "Ne, an meogeosseoyo". Na mtoto wa pekee wa Korogwe anayesema "kwetu" na "mama yetu" ataelewa mara moja kwa nini Mkorea aliye peke yake husema "uri jip", nyumba yetu, na "uri eomma", mama yetu.

Limebaki jambo moja, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mfalme Sejong alipotangaza herufi zake, maandishi ya wakati huo yaliweka nukta kushoto ya kila silabi. Silabi ya sauti ya chini haikuwa na nukta, ya sauti ya juu ilikuwa na moja, ya sauti inayopanda ilikuwa na mbili. Kikorea cha karne ya 15 kilikuwa na toni. Baadaye Seoul iliipoteza na nukta zikaachwa, lakini watu wa Busan na Daegu, kusini mashariki, bado hutofautisha maneno kwa sauti. "Mal" ni farasi na "mal" ni maneno, na mtu wa Busan hayachanganyi.

Sasa geukeni upande wa bibi. Kizigua kina toni, na kanuni zake zinapendeza mno. Chukueni "kudamanya", yaani kufanya. Sauti haipandi popote. "Kudamanyiza", kumfanyia mtu, haipandi. "Kudamanyizana", kufanyiana, haipandi. Chukueni sasa "kulombeza", kuomba. Sauti inapanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kulombéza. Refusheni neno muone: kulombezéza, kumwombea mtu. Kulombezezána, kuombeana. Sauti ya juu imetoka kwenye mzizi wa neno, lakini kila neno linaporefuka inasogea nalo, inakimbilia silabi ileile ya pili kutoka mwisho.

Haijaisha. "Nadamanya" ni ninafanya, na sauti iko chini. "Adamánya" ni anafanya, na sauti imepanda. Kitenzi ni kilekile ambacho hakina sauti ya juu. Imetoka wapi? Imetoka kwenye "a-" ya mtu wa tatu. Kiambishi hicho kina sauti ya juu, lakini hakiitoi mahali kilipo. Inasikika mbali, huko karibu na mwisho wa neno. Mabibi wa Handeni wanafanya hivi wakipepeta mahindi, hawakosei, na hawakufundishwa na mtu darasani. Wataalamu wawili wa Marekani, Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth, waliandika juu ya kanuni hizi katika makala iliyotoka mwaka 1990, na toka hapo wanafunzi wa isimu wamekuwa wakisoma mifano ya Kizigua katika vyuo vya mbali.

Tena lugha hii imesafiri. Katika karne ya 19, njaa na biashara ya watumwa viliwapeleka Wazigua wengi pwani ya Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji katika misitu ya bonde la Mto Juba, na vizazi vyao vimeendelea kusema Kizigua hadi leo, bila shule wala kitabu. Vita ilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, kwenye nchi ya mababu zao, na wengi baadaye wakawa raia. Wengine wako Marekani.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kujifunza Kizigua kwa daftari walikuwamo wageni. Mwaka 1902 H. W. Woodward, mmisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoa kitabu cha mwongozo wa Kizigua. Mwenzake Walter Kisbey alitunga mazoezi kwa ajili ya misheni ya Korogwe hapahapa, na mwaka 1906 kamusi yake ya Kizigua na Kiingereza ikachapishwa. Walikuwa na maswali yao, kama mlivyo ninyi na Kikorea, wakawauliza wenyeji, wakaandika.

Basi fanyeni hivi. Kwenye Kikorea, anzeni na herufi za Sejong, kisha shikeni "-yo" na msiiache mpaka Mkorea mwenyewe awaruhusu. Kwenye "-i" na "-eun", ulizeni kwanza kama Kiswahili kingesema amekuja mgeni au mgeni amekuja. Na daftari hilohilo ligeuzeni nyuma mwandike vitenzi vya Kizigua, maana maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni. Mwombeni bibi aseme kila kitenzi kwa mimi, wewe na yeye, wekeni alama juu ya silabi inayopanda, kisha mkaulize kwa mzee wa kijiji kingine kama naye anaipandisha hapohapo. Kazi hiyo haihitaji fedha wala ruhusa, na wanaoweza kuwajibu bado wapo Handeni na Korogwe.